Wanaounga Mkono, Lakini

Jumamosi moja ya miaka ya sabini, mwanangu, niliketi mbele ya cherehani yangu pale Kenyatta Market nikafanya kosa kwa mkono wangu mwenyewe, nikijua ni kosa, na nikaendelea kulifanya mpaka jua likahamia upande wa pili wa paa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja na akili zangu timamu. Nataka nikueleze habari ya siku hiyo, kwa sababu nikiwatazama nyinyi vijana wa leo naona mna kosa hilohilo, ila mmelivalisha nguo nyingine.

Kwanza ujue tulikotoka. Baba alitangulia kufariki, akafuata mama, mimi nikiwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa darasa la sita na hapo ndipo nilipokomea, kwa maana nyuma yangu walikuwako wawili: Ezekia wa miaka sita na Rasoa wa miaka mitatu. Nililima shamba la mama huko Maragoli kwa miaka saba. Uhuru ulipokuwa ungali mchanga nikaja Nairobi kufanya kazi ya yaya mtaani Kileleshwa, na mama wa nyumba ile, Mungu amrehemu, akanifundisha kushona kwa cherehani yake watoto wakiwa wamelala mchana. Nilipotoka kwake nilikuwa fundi. Nikapata kibanda sokoni, nikashona sare za shule, nikawaleta wadogo zangu mjini. Sisemi haya ili unihurumie. Niliipenda kazi ile, na mpaka leo napenda harufu ya kitambaa kipya cha kaki.

Ezekia alikuwa na kichwa chepesi. Alipoingia Chuo Kikuu, watu wa nyumbani walimngoja awe wakili au daktari. Yeye akachagua siasa, tena si siasa ya kupanda jukwaani. Alitaka kujua jinsi Bunge linavyofanya kazi: nani anasema, nani anasikilizwa, sheria inabadilika vipi kati ya siku inayoingia mlangoni na siku inayotoka. Nilimwuliza somo hilo linaitwaje. Akanijibu, "Dada, ni kusoma Bunge tu." Nikadhani kuna mtihani wa kuwa mheshimiwa.

Alimaliza shahada ya kwanza vizuri, na profesa wake akamwambia kwamba akiandika tasnifu nzuri ya shahada ya pili, idara ingemchukua awe mhadhiri msaidizi. Nafasi ilikuwa moja na vijana walioitaka walikuwa wawili. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu mwaka ule. Sikuwa na ndoto nyingine. Nikipiga pedeli ya cherehani, nilimwona Ezekia amesimama mbele ya darasa na chaki mkononi.

Sasa, kila neno linalosemwa Bungeni huandikwa katika vitabu vinavyoitwa Hansadi. Ezekia alivisoma maktabani, na hotuba ya kila mbunge aliinakili kwa kifupi kwenye kadi, kadi moja kwa hotuba moja. Kadi zikawa nyingi mpaka zikajaa mfuko wa unga. Kiswahili kilikuwa kimeanza kuzungumzwa Bungeni siku hizo, kwa hiyo za Kiingereza alizipanga mwenyewe, na zile za Kiswahili akaniletea mimi sokoni, pamoja na maboksi matatu ya viatu. Boksi la kwanza lilikuwa la wanaounga mkono hoja. La pili, la wanaopinga. La tatu, la wale ambao hawakueleweka wako wapi.

"Kanuni ni moja, Dada," akaniambia. "Soma ile sentensi ya kwanza. Mtu akisema anaunga mkono, hapo. Akisema anapinga, hapo. Usihangaike na mengine."

Kanuni hiyo aliitoa katika kitabu cha ng'ambo. Alikiheshimu sana kitabu hicho. Alikifunika kwa gazeti.

Jirani yangu kibandani alikuwa Mama Njoki, msusi wa nywele, mzaliwa wa Dagoretti. Alikuwa na mdomo usiopumzika na moyo mzuri sana. Aliponiona napanga kadi, akasema, "Leo tena korti imefunguliwa? Peresi anahukumu waheshimiwa."

"Nasaidia kijana," nikamjibu.

"Kijana yako atakula kadi? Mtu mzima anahesabu maneno ya watu. Mzee wangu nyumbani naomba aache maneno, na hiyo yako mnaweka kwa boksi." Mwenye kusukwa akacheka mpaka kichwa kikamtoka Mama Njoki mikononi.

Nikaendelea. Kadi ya kwanza, ya pili, ya kumi, zote zilianza vilevile: "Bwana Spika, nasimama kuunga mkono." Nikaziweka boksi la kwanza. Ila mimi nina tabia ya kumaliza kusoma kitu nilichoanza. Kadi moja ilihusu mswada wa masoko. Mbunge alisema anauunga mkono kwa moyo wake wote. Halafu akasema, "Lakini Waziri atuambie, mama anayeuza mboga kando ya barabara atapeleka wapi kikapu chake?" Halafu lakini nyingine, na nyingine tena. Alipoketi, mswada ule ulikuwa umebaki kama koti lililofumuliwa mishono yote, limeanguka vipande, na yeye bado anauunga mkono.

Nilijua nilichokuwa nakiona. Nilikijua kabla Ezekia hajajua kusoma. Mtu huyu alikuwa anakataa. Nikaishika kadi hiyo kwa muda, nikaitazama. Kisha nikaitia katika boksi la wanaounga mkono, kama nilivyoambiwa. Na iliyofuata. Na iliyofuata hiyo. Mchana kutwa.

Kwa nini? Mwanangu, nitakwambia bila kujipaka mafuta. Wiki chache kabla ya hapo Ezekia alikuja chumbani kwetu Kawangware na mwenzake wa chuoni. Wakaongea habari za Bunge, nami nikauliza swali. Yule mwenzake akanijibu polepole, neno moja moja, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Hakuwa na nia mbaya. Ezekia akatazama sakafu. Nikajua amenionea haya, na nikajiambia kwamba siku nyingine nitanyamaza. Basi hiyo Jumamosi, kila kadi iliponiambia jambo, nilijijibu: wewe umeishia darasa la sita, kanuni imetoka kwenye kitabu, nani amekuuliza?

Ezekia akahesabu kadi, akaandika sura nzima. Ilisema kwamba Bunge letu halipingi kitu. Karibu kila mbunge anaunga mkono kila hoja. Akaipiga chapa, akaitia katika bahasha, akampelekea profesa.

Jumamosi nyingine akaja sokoni na bahasha ileile mkononi. Akaketi kwenye benchi la wateja bila kunisalimu.

"Imekataliwa," akasema.

Nikasimamisha cherehani.

"Ameniuliza swali moja tu. Kama wote waliunga mkono huo mswada wa masoko, mbona Waziri aliurudisha ukaandikwa upya? Nani alimkataza? Dada, amenipa wiki sita. Nisipoleta jibu, ile nafasi inaenda kwa yule mwingine."

Ningeweza kunyamaza tena. Nakiri kwamba nilifikiria hivyo. Lakini nilimtazama mabega yake, yalikuwa yameshuka kama ya baba siku zile za mwisho, na maneno yakanitoka.

"Hawakuunga mkono, Ezekia. Walikuwa wanakataa. Niliona."

"Uliona wapi?"

"Kwa kadi. Unasoma mpaka mwisho, unaona. Wengi wao."

Akanyanyua kichwa taratibu. "Uliona lini?"

"Siku ile nilikuwa nazipanga."

"Na ukaziweka tu?"

"Ulisema nisome sentensi ya kwanza."

"Dada, ulijua na ukanyamaza." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Ungekuwa mtu mwingine ningeelewa. Si wewe." Akachukua bahasha yake akaenda zake kuelekea barabara ya Ngong, wala hakugeuka nyuma.

Mama Njoki alikuwa amesikia yote, kama kawaida yake. Akachomeka kitana kwenye nywele za mteja akaniambia, "Wacha kulia juu ya hiyo kaki, itaacha alama. Atarudi. Shati yake ya kanisa si iko hapo umetoa kola?"

Na kweli alirudi, ingawa sidhani ni kwa ajili ya shati. Jumatatu jioni aliniambia kwamba profesa anataka kuniona. Nilidhani nimeharibu zaidi. Nilivaa nguo yangu ya Jumapili, nikafunga kitambaa kichwani, tukaenda mjini pamoja, yeye mbele, mimi nyuma.

Profesa alikuwa mtu mzima mwenye mvi za pembeni, na ofisi yake ilijaa vitabu hata kwenye kiti cha wageni. Akaviondoa mwenyewe akanikaribisha. Kisha akasema, "Dada Peresi, huyu ameniambia wewe uliona kitu. Niambie hivyo ulivyoona. Nimesoma hizo Hansadi miaka mingi, na mimi sikuona."

Sikujua niseme nini kuhusu Bunge. Nikamweleza ninachokijua.

Nilimwambia habari ya siku ya nne baada ya kumzika mama. Wazee wa ukoo walikutana uani kwetu. Baba mdogo akasimama akatoa shauri: Ezekia apelekwe Kitale kwa jamaa, Rasoa achukuliwe na dada yake nyanya, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeota matiti, nitafutiwe mume. Wakaitikia wote kwamba ni shauri jema. Ndipo shangazi yetu Loise akaomba kusema. Angesema anapinga, wangemketisha papo hapo. Alikuwa mwanamke, tena ameolewa kwingine. Basi akasema, "Naunga mkono maneno ya ndugu yangu. Ni maneno ya mtu aliyefikiri. Lakini nauliza tu, haya mahindi ya marehemu yamefika magotini, nani atayapalilia?" Wakatazamana. Wakasema sawa, watoto wakae mpaka mavuno. Mavuno yalipokwisha wakakutana tena, na shangazi akaunga mkono tena. "Lakini huyu mvulana si ameshaandikwa shule hapa?" Wakasema wangoje mwaka uishe.

Profesa alikuwa ameacha kuandika. "Na huo mkutano uliisha aje?"

"Haujaisha mpaka leo," nikasema. "Hatujagawanywa bado."

Alicheka kicheko cha kutoka tumboni. Nikageuka kumtazama Ezekia, nikaona hacheki. Alikuwa na miaka sita siku ile, aliwekwa jikoni na wanawake. Hakuwahi kujua kwamba alikuwa aende Kitale. Mimi sikuwahi kumwambia. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni kwa mara ya kwanza.

"Sasa niambie, kwa nini hukusema ulipoona hizo kadi?" Profesa akaniuliza.

"Mimi niliishia darasa la sita, Profesa."

Hapo hakucheka. "Nani alikwambia darasa la sita linaziba masikio? Wewe umelea watu wawili kwa sababu ya neno moja ulilosikia ukiwa mtoto. Halafu unaliona limeandikwa, unaliweka kwa boksi la viatu ukanyamaza. Hiyo siyo heshima. Hapo umemnyima ndugu yako kitu chake." Kisha akamgeukia Ezekia. "Na wewe. Ulimpa dada yako mfuko mzima wa kadi, na hata mara moja hukumwuliza anaona nini ndani. Ulitaka mikono yake tu."

Tulitoka pale tumenyooshwa wote wawili.

Hata hivyo profesa hakukubali kwa kusimuliwa tu. Alitutuma twende Bungeni tukasikilize wenyewe. Mwanangu, siku hiyo niliketi juu kwenye viti vya wananchi, nikaambiwa na askari nisipige makofi wala kuegemea mbele. Chini kule mheshimiwa mmoja mnene akasimama. "Bwana Spika, naunga mkono hoja hii, na namshukuru Waziri." Ezekia akanikanyaga mguu kidogo. Tukangoja. Akamshukuru Waziri mara ya pili. Akamsifu. Na ilipokuja ile lakini yake, mimi na Ezekia tulitazamana, nikauma kitambaa changu nisicheke, maana askari alikuwa ananikodolea macho. Mheshimiwa alisema mambo saba kinyume cha hoja, moja baada ya jingine. Spika alipouliza wanaosema ndiyo, yeye alisema ndiyo kwa sauti kubwa kushinda wote. Wiki iliyofuata tukasoma katika gazeti kwamba Waziri amekwenda kuitazama hoja upya.

Tulizipanga kadi zote tena, za Kiswahili na za Kiingereza. Rasoa, aliyekuwa akisomea uuguzi, alikuja siku zake za mapumziko kusaidia, na ndiye aliyeandika kwa wino mwekundu juu ya boksi la nne: LAKINI. Safari hii tulisoma kila kadi mpaka mwisho, na nilipoona kitu nilisema. Mara nyingine Ezekia alinibishia. "Hapana Dada, huyu anauliza tu, hakatai." Tulibishana mpaka Mama Njoki akatuomba tupige kura tumalize. Nami nilikosea mara kadhaa, usidhani nilikuwa nabii. Lakini boksi la nne lilijaa kuliko mengine yote, na ndani yake kulikuwa na jibu la swali la profesa: nani alimkataza Waziri. Walimkataza walewale waliomuunga mkono.

Sura mpya ilipelekwa kabla ya wiki sita kuisha. Kisha tukangoja. Nilishona vibaya siku hizo. Niliweka mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

Ezekia alikuja mchana, nikila. Akaketi kwenye benchi, akavuta sahani yangu ya githeri upande wake, akala vijiko vitatu kabla ya kusema.

"Nimepewa darasa. Naanza Jumatatu."

Nikamsukumia sahani yote. Mama Njoki akanisemea. "Utafundisha nini?"

"Bunge, Mama Njoki."

"Kwani hao watoto wa chuo hawajui njia ya kwenda? Si ni hapo chini tu?"

Alifundisha miaka zaidi ya thelathini. Alikwenda kutazama mabunge ya nchi nyingine, mengine makubwa, mengine madogo kama kanisa la kijiji, na kila aliporudi alikuja kuniambia jinsi watu wa huko wanavyokataa kitu. Hakumpa mwanafunzi kitabu kabla hajamtuma kwenda kuketi kule juu kusikiliza. Sasa amestaafu, anakaa karibu na mtaa wa Jamhuri, na Jumapili baada ya ibada tunakunywa chai naye akibishana na redio. Maisha yangu nimeridhika nayo. Nimeshona sare za watoto wasio na idadi, na nimewaona wadogo zangu wote wawili wakiwa watu wa kutegemewa.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiwa umesoma kidogo, usifikiri kwamba ulichokiona maishani si elimu. Ukiona kosa katika kazi ya mtu unayempenda, mwambie siku hiyohiyo, kwa adabu, hata kama atakukunjia uso. Ukinyamaza ili usiaibike, atakayeaibika ni yeye, tena mbele ya watu wakubwa kuliko wewe. Vyeti usiviogope. Waliovipata ni watu, nao hupitwa na mambo.

Na wewe uliyesoma sana, usimpe mtu kazi ya mikono ukamwacha na macho yake bila kumwuliza. Mwulize anaona nini, kisha nyamaza mpaka amalize. Mtu akikubali jambo mbele yako upesi, mvumilie aseme na yale anayoyasema baadaye, maana huenda moyo wake uko huko. Na kama kuna mtu aliyeacha njia yake ili wewe upate yako, usimwonee haya mbele ya wenzako. Mvutie kiti.

Mwanangu, Mungu akupe kazi utakayoipenda hata siku inapokuchosha. Akujalie mtu wa kukwambia ukweli ungali na nafasi ya kurekebisha, na akujalie moyo wa kumshukuru. Utakapozungumza, upate wa kukusikia. Na nyumba utakayoijenga, wote walio ndani yake wabaki pamoja.